Beta Ana Nini? Kusoma Dalili za Samaki na Kufika Kwenye Chanzo

Mfugaji anayekuta beta wake amekataa chakula, amekunja mapezi au amejilaza juu ya changarawe kwa kawaida hukimbilia dawa. Haraka hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi huongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu dalili nyingi za samaki huyu hazitaji ugonjwa wowote kwa jina. Zinasema tu kwamba kuna jambo linamsumbua, na jambo hilo mara nyingi limo ndani ya maji wala si ndani ya mwili wake. Kwa hiyo mwongozo huu unatanguliza swali moja mbele ya mengine yote, nalo ni kasi ambayo dalili imekuja nayo. Shida iliyozuka ndani ya saa chache karibu kila mara ni ya maji, yaani joto, klorini, amonia au sumu iliyoingia kwa bahati mbaya. Iliyokua kwa siku kadhaa huelekea kuwa ya vimelea au bakteria. Iliyojijenga polepole kwa wiki na miezi ni ya malezi, ya uzee au ya kurithi.

Inasaidia pia kukumbuka samaki huyu ametoka wapi. Beta wa kufugwa, ambaye Charles Tate Regan alimpa jina la kisayansi la Betta splendens mwaka 1910, asili yake ni vinamasi, mifereji na mashamba ya mpunga ya Thailand, kwenye maji ya vuguvugu, yenye mimea mingi na yasiyokwenda kasi. Juu ya matamvua yake kuna kiungo kiitwacho labirinthi kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji, na ndicho kilichozaa imani kwamba beta anaweza kuishi ndani ya bilauri au chupa ya maua. Kiungo hicho humwokoa na uhaba wa oksijeni. Hakimwokoi na baridi, wala na uchafu wake mwenyewe.

Vipimo vinavyotangulia dawa

Kabla ya kufuata dalili yoyote kati ya zinazofuata, pima joto, amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha asidi ya maji), kisha uandike matokeo mahali utakapoyaona tena. Beta hustawi kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na huvumilia vizuri 24 hadi 28. Amonia na nitriti zinapaswa kuwa sifuri kabisa. Nitrati ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita kadiri inavyowezekana na isivuke 40, na pH iwe kati ya 6.5 na 7.5, ingawa pH iliyotulia nje kidogo ya mipaka hiyo ni bora kuliko inayosukumwa huku na huku kwa dawa ili itue ndani yake. Vipimo vya matone huaminika zaidi kuliko vijiti vya karatasi, na vijiti vingi havipimi amonia hata kidogo, jambo ambalo ni kasoro kubwa kwa kuwa amonia ndiyo inayotafutwa kwanza.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na mabaki ya chakula yanayooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojijenga ndani ya kichujio na juu ya changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mfugaji huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha, na wakati mwingine zaidi. Beta aliyetiwa kwenye tangi jipya siku ileile liliponunuliwa huzipitia wiki hizo akiwa ndani ya sumu aliyoitoa mwenyewe, na ndiyo sababu tunasikia mara kwa mara habari za samaki aliyekuwa mchangamfu wiki ya kwanza akaanza kudhoofika katika ya pili bila kosa linaloonekana.

Kuna kipimo kimoja kinachowapotosha wengi. Baadhi ya dawa za kuondoa klorini huifunga amonia pia kwa muda katika hali isiyodhuru, lakini kipimo cha matone huendelea kuihesabu. Kwa hiyo amonia kidogo inayoonekana saa chache baada ya kutia dawa hiyo si lazima iwe hatari. Pima tena siku inayofuata. Pima pia maji ya bomba yenyewe angalau mara moja, kwa sababu maji yaliyotibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, huja na amonia yake kutoka kwenye mfereji.

Anahema juu ya maji

Beta mzima hupanda, hunywa hewa mara moja na kushuka kuendelea na shughuli zake. Anayebaki juu, mdomo ukigusa uso wa maji na vifuniko vya matamvua vikipiga upesi, anatoa habari nyingine. Samaki mwenye labirinthi anapoonekana kukosa pumzi, inawezekana sana kwamba matamvua yameungua au damu imeshindwa kubeba oksijeni. Amonia huyaunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuibadilisha himoglobini isiweze kufanya kazi yake, hata samaki akivuta hewa tele kutoka juu. Vimelea vya matamvua huleta picha inayofanana, lakini hivyo huja kwa siku kadhaa na kwa kawaida samaki huanza kwa kujikuna kwenye mawe na majani.

Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu ya maji papo hapo kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, mnyime chakula kwa siku moja au mbili, na urudie kila siku hadi vipimo virudi sifuri. Kwa nitriti, gramu 1 ya chumvi kwa kila lita husaidia, kwa kuwa kloridi iliyomo hushindana na nitriti kwenye mlango uleule wa kuingilia katika matamvua. Vipimo vikiwa safi, tazama nafasi iliyopo kati ya maji na kifuniko. Tangi lililojazwa hadi ukingoni humfungia beta hewa asiyoweza kuishi bila kuipata. Acha sentimita kadhaa, lakini usiondoe kifuniko, kwa sababu beta huruka.

Ameugua mara tu baada ya tangi kusafishwa

Tatizo hili linastahili nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu linampata mfugaji mwenye bidii, naye hawezi kuamini kwamba usafi ndio uliomdhuru samaki. Njia zake ni kadhaa, na kila moja huacha alama kwa wakati wake.

Inayojitokeza kwanza, ndani ya dakika chache, ni tofauti ya joto. Samaki hupauka, hukunja mapezi, pengine hulala ubavu, kisha hurudi katika hali yake maji yanapopata joto. Kiganja cha mkono si kipimajoto. Maji yanayohisiwa kuwa sawa yanaweza kupishana kwa nyuzi 4 au 5, ilhali tofauti inayovuka nyuzi 2 tayari ni kubwa kwa kiumbe ambaye joto la mwili wake ni joto la maji yaliyomzunguka.

Klorini hufuata kwa karibu. Samaki hukimbia huku na huku kana kwamba anachomwa, hutoa ute mwingi, na matamvua huwa mekundu kupita kiasi. Mfugaji aliyesahau dawa ya klorini aitie mara hiyo kwa kipimo cha tangi zima, si cha yale maji mapya peke yake. Wapo wanaotegemea ndoo iliyoachwa wazi usiku kucha. Njia hiyo huiondoa klorini ya kawaida, lakini haiiondoi kloramini, ambayo ilichaguliwa na mamlaka nyingi za maji kwa sababu hiyohiyo ya kudumu kwenye mabomba. Dawa yenye sodiamu thiosulfeti humaliza mashaka kwa sekunde chache, nami sioni sababu ya kubahatisha kwa ajili ya jambo rahisi namna hii.

Alama ya tatu huchelewa siku moja hadi nne, na ndiyo maana watu wengi hawaihusishi na usafi. Sifongo ya kichujio imekamuliwa chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe, au imetupwa na kuwekwa mpya, na pamoja nayo wametupwa bakteria waliokuwa wakila amonia. Maji yanaonekana maangavu kuliko yalivyowahi kuwa, na samaki anazidi kunyong’onyea. Ukipima, mrija wa amonia ambao ulizoea kubaki na rangi ya njano unageuka kijani. Sifongo isafishwe kwa kukamuliwa mara chache ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, mpaka maji yapite vizuri, na ibaki na rangi yake ya kahawia. Kuondoa kila kitu, kusugua changarawe zote na kubadilisha maji yote kwa siku moja ni kulirudisha tangi kwenye wiki yake ya kwanza. Sabuni isitumike kabisa, hata kwenye ndoo.

Njia ya nne hupatikana katika matangi yaliyosahauliwa kwa miezi. Kazi ya bakteria huzalisha asidi, na asidi hiyo hula madini yanayoishikilia pH hadi yanapokwisha, kisha pH huporomoka, pengine chini ya 6. Hapo bakteria huzorota na amonia hujilimbikiza, lakini katika maji yenye asidi sehemu kubwa ya amonia hiyo huwa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana samaki, naye huizoea hali hiyo siku baada ya siku. Siku mfugaji anapozinduka na kumimina nusu tangi ya maji mapya yenye pH ya 7.5, sehemu ya amoniamu hugeuka kuwa amonia yenye sumu. Katika viwango hivi vya pH, kila kizio kimoja kinachopanda huongeza sehemu hiyo karibu mara 10. Samaki hufa jioni hiyo katika maji ambayo kila mtu angeyaita masafi. Tangi la aina hii hurekebishwa kwa kubadilisha asilimia 10 hadi 15 tu kila siku kwa muda wa wiki mbili hivi, huku pH ikipimwa. Baada ya hapo, ratiba ya asilimia 25 hadi 30 kila wiki hutosha kwa tangi la lita 20 lenye kichujio. Tangi dogo kuliko hilo hudai kazi nyingi zaidi, wala si ndogo zaidi kama inavyodhaniwa dukani.

Amelala chini na hataki chakula

Tazama kipimajoto kwanza. Katika maji ya nyuzi 20 au 21 beta hupunguza mwendo, tumbo lake husaga chakula polepole na kinga yake hushuka, hata akaonekana mgonjwa wakati ana baridi tu. Hita yenye kidhibiti joto, ya wati 25 hadi 50 kwa tangi la lita 20, huondoa tatizo hilo, lakini usiamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe chake mpaka kipimajoto cha pembeni kizithibitishe.

Joto likiwa sawa, angalia mkondo wa kichujio. Beta wa mkia mrefu amebebeshwa mapezi makubwa ambayo hayakuwapo kwa babu zake wa mwituni, na tangi lenye mkondo mkali humchosha kama mtu anayetembea dhidi ya upepo akiwa amevaa shuka. Atatafuta kona isiyo na mkondo na kubaki hapo. Kichujio cha sifongo kinachoendeshwa kwa pampu ndogo ya hewa humfaa zaidi, na jani pana la mmea, kama vile anubiasi, likiwekwa karibu na uso wa maji humpa mahali pa kupumzika bila kupanda safari ndefu kila anapohitaji hewa.

Samaki aliyefika jana anaweza kukataa chakula kwa siku mbili tatu bila kuwa mgonjwa, na beta mzima mwenye afya huvumilia wiki nzima bila kula. Usiendelee kumwagia chakula kwa matumaini. Kinachobaki chini huwa amonia kesho yake. Kwa upande mwingine, beta kwa kawaida huishi miaka 2 hadi 4, na wengi huuzwa wakiwa tayari wamefikisha miezi kadhaa, hivyo samaki aliyekaa nawe mwaka mmoja na nusu huenda amekuwa mzee. Atalala zaidi, rangi itafifia, mgongo utapinda kidogo. Mshushie kina cha maji, mwekee majani karibu na juu, na umwache apumzike.

Mapezi yamechanika, yamekatika au yanaoza

Hapa ndipo dawa nyingi hutumika bure. Mapezi yaliyoharibika yana sababu tatu kuu, na ukingo wa pezi wenyewe ndio unaozitofautisha, kwa hiyo utazame kwa karibu, mwanga ukitoka nyuma ya samaki.

Pezi lililonaswa kwenye mmea wa plastiki au pambo lenye ncha huwa na mpasuko mmoja au miwili iliyonyooka, kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na nyama ya pezi haijapungua. Pambo lolote linalonasa soksi laini ya nailoni ikipitishwa juu yake litanasa pia mkia wa beta, na linapaswa kuondoka. Pezi lililotafunwa na mwenyewe huonekana tofauti kabisa. Kipande cha umbo la nusu duara kinakosekana, ukingo wake ni safi, na mara nyingi kilikuwapo jana. Beta hutafuna mkia kwa uzito wa mapezi, kwa mkondo mkali, kwa kuona taswira yake kwenye kioo mchana kutwa, au kwa kukosa la kufanya, na wengine hawaachi hata yote hayo yakirekebishwa. Maji safi yatosha kuliponya pezi hilo, huku tabia yenyewe ikishughulikiwa kwa kupunguza mwanga na kuongeza mimea na maficho.

Uozo wa kweli hupungua kidogo kidogo kwa siku nyingi. Ukingo huwa haukunyooka, umechakaa kama kitambaa kikuukuu, na una mstari mweusi, wa kahawia au mwekundu kwenye sehemu inayoliwa. Bakteria wanaousababisha wamo katika karibu kila tangi, na hupata nafasi pale maji yanapokuwa mabaya au samaki anapokuwa dhaifu. Uozo mwepesi hutibika kwa kubadilisha robo ya maji kila siku au kila baada ya siku moja, joto likiwa nyuzi 26 au 27, bila dawa yoyote. Ukingo mweusi ukizidi kusonga baada ya wiki ya maji safi, au wekundu ukifika kwenye shina la pezi, hapo kiuavijasumu kinahitajika, na ni vyema kichaguliwe na daktari wa mifugo anayejua samaki. Pezi linaloota upya huwa na utando mwembamba usio na rangi kwenye ukingo, kama ukanda wa nailoni angavu. Wafugaji wengi huuona ukanda huo wakaudhania ni uozo mpya, wakaanza dawa siku samaki anapopona.

Madoa, vumbi na pamba

Madoa meupe yaliyotengana, kila moja mithili ya punje ya chumvi, yakiwa juu ya mapezi na mwili, ni kazi ya kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Kila doa ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, mahali ambapo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujifunika chini ya tangi na kugawanyika kuwa mamia ya vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki, na ni hao wanaoogelea pekee ambao dawa huwaua. Ndiyo maana kukatisha dawa siku madoa yanapotoweka ni kosa. Endelea hadi muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Joto linaloongezwa polepole hadi nyuzi 28 au 29 huharakisha mzunguko huo na kufupisha tiba.

Vumbi la rangi ya dhahabu au kutu, laini kuliko chumvi, ni kimelea kingine, Piscinoodinium, na huua haraka zaidi. Hakionekani kwa urahisi chini ya taa ya kawaida. Zima taa za chumba, mulika samaki kwa tochi kutoka pembeni, na utazame kichwani na nyuma ya vifuniko vya matamvua, kwa sababu beta wengi wana mng’ao wa asili kwenye magamba ya ubavuni unaoweza kukudanganya. Samaki huyo hujikuna, hukunja mapezi yakashikana na mwili, na hukataa chakula. Kwa kuwa kimelea hiki hujipatia sehemu ya chakula chake kutokana na mwanga, tangi lifunikwe liwe giza wakati wa tiba.

Kitu kinachofanana na pamba kinahitaji uangalifu, kwa kuwa magonjwa mawili huvaa vazi hilo na tiba zake hupingana. Kuvu halisi hutoa nyuzi zilizosimama kama manyoya, kwa kawaida juu ya jeraha la zamani, na huenea polepole. Bakteria Flavobacterium columnare hutoa utando mweupe wa kijivu uliolala bapa, mara nyingi mdomoni au ukivuka mgongo kama tandiko, na katika hali kali huua ndani ya siku moja au mbili. Bakteria huyo hupenda joto. Mfugaji anayeongeza hita kwa kudhani anapambana na madoa meupe au kuvu humwongezea kasi, kwa hiyo palipo na shaka usipandishe joto. Lishushe hadi nyuzi 24 na utafute kiuavijasumu mapema.

Tumbo limevimba, au anaelea upande

Mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamelala, tatizo lililozoeleka ni chakula kingi. Punje ndogo 2 hadi 4 mara mbili kwa siku humtosha beta, na minyoo mikavu isiyolowekwa kwanza inastahili lawama kuliko inavyopewa. Mfungishe siku mbili au tatu, kisha umpe dafnia, vijidudu vya majini, walioyeyushwa kutoka kwenye barafu, ambao maganda yao husaidia tumbo kufunguka. Ushauri wa kumpa njegere haumfai, kwa kuwa beta ni mla wadudu na tumbo lake halikuundwa kwa mboga. Samaki anayeelea kichwa chini au kuzama upande huenda ana kibofu cha kuelea kilichobanwa na tumbo hilohilo, na hutibiwa kwa njia ileile. Aliyezaliwa hivyo au aliyejeruhiwa kibofu hatapona, ila anaweza kuishi muda mrefu katika maji ya kina kifupi. Jike lililojaa mayai pia huvimba, wala halihitaji tiba.

Magamba yakiwa yamesimama kila upande kama tunda la msonobari, picha ni nyingine. Maji yamejaa mwilini kwa sababu figo zimeshindwa kuyatoa, na kushindwa huko ni mwisho wa ugonjwa mwingine ulioanza zamani. Chumvi ya Epsomu, takriban nusu gramu kwa lita katika chombo cha pembeni, huweza kupunguza uvimbe, na kiuavijasumu hujaribiwa, lakini wanaopona ni wachache, na mfugaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumtesa samaki kwa wiki za dawa.

Anakimbiza kioo, au amebadilika rangi

Kwenda na kurudi kando ya kioo bila kuchoka kwa kawaida hutokana na taswira yake mwenyewe anayoiona kama adui. Punguza mwanga wa ndani ya tangi, ongeza ule wa chumbani, au weka karatasi nyeusi nyuma ya kioo. Mistari ya kulala inayojitokeza ubavuni kwa jike au samaki mchanga ni ya hofu. Ya kusimama kwa jike ni ya utayari wa kuzaa. Rangi inayofifia mwili mzima pamoja na uchovu irudishe kwenye vipimo vya maji. Rangi inayohama kwa mabaka huku samaki akila na kucheza ni ya kurithi, kwani beta wa aina ya marumaru hubeba jeni inayohamahama na anaweza kuwa buluu mwezi huu na karibu mweupe baada ya miezi kadhaa.

Jicho limetokeza, au limefunikwa

Jicho moja lililotokeza kwa kawaida ni pigo dhidi ya pambo. Yote mawili yakitokeza, tafuta maambukizi na maji mabaya. Kwa beta wenye magamba mazito ya fedha, magamba yanaweza kuota taratibu juu ya jicho na kulipofusha. Hakuna dawa, lakini samaki kipofu hujifunza kula mahali pamoja ukimlisha kwenye kona ileile, baada ya kugonga kioo kidogo.

Yanayodhaniwa kuwa ugonjwa

Nukta moja nyeupe chini ya tumbo la jike, kati ya mapezi, ni mrija wa mayai wala si kimelea. Utando mweusi unaochungulia chini ya vifuniko vya matamvua vya dume ni ndevu anazozitunisha kumtisha mpinzani. Povu linaloelea juu ya maji ni kiota chake. Linaonyesha kwamba amepevuka, lakini halithibitishi kwamba maji ni mazuri, kwa sababu madume hujenga hata katika maji machafu.

Chumvi, dawa na chombo cha pembeni

Tiba ifanyike katika chombo cha pembeni chenye hita, kwa kuwa dawa nyingi huua konokono, kamba na bakteria wa kichujio. Chumvi isiyo na viungo, gramu 1 hadi 2 kwa lita, iyeyushwe kwanza katika kikombe na isizidi siku 10. Mkaa wa kichujio uondolewe, maana huinyonya dawa kabla haijafanya kazi. Usichanganye dawa mbili kwa kuwa huna uhakika ni ipi inayofaa. Majani makavu ya mkungu, ambayo huyapa maji rangi ya chai na asidi kidogo, humtuliza samaki na hayana madhara kwa viwango vya kawaida, ila si mbadala wa kubadilisha maji.

Upo ugonjwa mmoja ambao mfugaji anapaswa kuujua kwa usalama wake mwenyewe. Beta anayekonda kwa miezi ingawa anakula, mgongo ukipinda na vidonda vikigoma kufunga, anaweza kuwa na kifua kikuu cha samaki, ambacho husababishwa na bakteria wa jamii ya Mycobacterium na kwa kawaida hakitibiki. Mmoja wao, Mycobacterium marinum, huweza kuingia kwenye ngozi ya binadamu kupitia mkwaruzo na kuacha vinundu vinavyohitaji viuavijasumu kwa miezi. Usitie mkono wenye jeraha ndani ya tangi bila glavu, usinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na nawa kwa sabuni kila umalizapo. Ukiona kinundu kwenye kidole kisichopona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, kwa sababu asipojua hilo anaweza kuchukua muda mrefu kukifikiria.